Mchungaji wa Mguu Mmoja

Uligeuza uso. Usibishe. Lori la mnada lilipopita Mungaa mwaka ule wa vita, limebeba ng'ombe wa watu ambao hawakutaka kuuza, wewe uliinama ukajifanya unatoa mwiba mguuni. Mwiba haukuwepo. Basi leo inua macho, usikie habari za mtu aliyekuwa akitazama, na alichofanya lori liliporudi.

Mtu huyo ni Esta, mjane wa watoto wawili, mwenye ng'ombe mmoja tu wa maziwa, jina lake Madoa. Alikaa tembe moja na mama mkwe wake, Febronia, bibi ambaye ulimi wake haukupumzika hata msibani.

Karata alizipata kwa Mtaliani, mfungwa wa vita aliyeletwa kuchimba barabara. Homa ilimwangusha karibu na boma lao, Esta akamnywesha maziwa siku tatu, naye kwa shukrani akampa karata zake za taroti, za kusomea mambo yajayo. Zilikuwa kubwa kama kiganja, pembeni zimenakshiwa maua na majani ya rangi ya dhahabu, nzuri hata Febronia alinawa mikono kabla ya kuzishika. Kiswahili cha Mtaliani kilikuwa maneno kama ishirini, nusu yake matusi ya askari. Alimfundisha jambo moja: panga tatu, ya jana, ya leo na ya kesho, kisha sema unachokiona, usiseme usichokiona. Siku ya nne askari wakamwondoa.

Esta akajifunza peke yake, akizipanga juu ya ngozi huku Madoa anacheua. Mwanzoni alikuwa hovyo kabisa. Aliona picha ya mwanamke anamwaga maji kwa mitungi miwili, akamtabiria jirani yake Selina mvua. Selina akakimbia kuteremsha mtama wote aliouanika juu ya paa. Jua likawaka siku tisa. Febronia alicheka mpaka akashika ukuta. Akakumbusha kwamba marehemu mume wake mwenyewe alisoma matumbo ya mbuzi miaka arobaini, na utabiri ulipokwenda kombo, walau watu walikula nyama. "Mbuzi wako huyu wa karatasi, mwanangu, tutamla vipi?"

Lakini karata moja hata Febronia aliipenda. Ilikuwa na mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, wa pili kaukunja nyuma ya goti, mikono mgongoni, uso umetulia. Namba yake ndiyo ilikaa kichwa chini. Esta akasema Wazungu wamekosea kupiga chapa. Nani asiyemjua mtu yule? Ni mchungaji, kapumzika.

Ndipo akaja Antipasi, tarishi wa jumbe, ambaye zamani alichunga pamoja na marehemu mume wa Esta. Akatoa shikamoo. Febronia akaitikia marahaba, akamuuliza kama viatu vya serikali bado vinambana. Antipasi akatazama chini, akasema la kusema: Jumamosi kila boma litoe ng'ombe mmoja mnadani, na mwenye mmoja atoe huyo huyo. Esta akauliza watoto watakunywa nini.

"Shemeji," Antipasi akasema, "orodha haina mahali pa kuandika maziwa."

Ili asiondoke na uso ule, akaomba kusomewa karata, kwa mzaha. Esta akapanga tatu. Ya jana, gari la kukokotwa na wanyama wawili, kila mmoja anatazama upande wake. Ya leo, mwenye pembe, na chini yake watu wawili wana minyororo shingoni. Antipasi akaacha kucheka. Akauliza mwenye pembe ni nani.

"Simjui. Ninachoona ni kwamba minyororo imelegea. Wangetaka, wangeivua."

Ya kesho, mchungaji wa mguu mmoja. Esta akakwama, alikuwa mwanafunzi bado. Febronia ndiye aliyemalizia. Alisema ng'ombe humsoma mchungaji miguu. Akisimama kwa mguu mmoja, wanajua hakuna safari, wanakula. Akishusha wa pili, ndipo wanaondoka.

"Basi Jumamosi," akasema, "nani katulazimisha kushusha?"

Neno lilizunguka visimani siku tatu. Jumamosi watu walifika mnadani na fimbo zao, bila hata ndama. Wakasimama. Wanaume, wanawake, Selina, Febronia mwenyewe kaegemea bega la Esta. Mguu mmoja chini, mmoja umekunjwa, kimya kama korongo. Bwana Mifugo, Mzungu wa serikali, akazunguka uwanja mara mbili, akauliza huu ni uasi gani. Mkalimani akatafuta neno, akakosa, akasema wanapumzika. Bwana Mifugo akaomba orodha. Antipasi akaikunja, akaitia kwapani, akainua mguu wake wenye kiatu.

Sheria ya kumfunga mtu anayepumzika haikupatikana. Saa nane lori likarudi Singida tupu, na jioni Madoa akakamuliwa kama kawaida.

Wiki iliyofuata Mwalimu Marko, aliyewahi kuona karata za namna hiyo, alimgeuzia Esta ile picha ya mchungaji kwa upole. Akamwonyesha kamba kifundoni na gogo juu. Huyu hakusimama, akaeleza. Katundikwa kichwa chini. Esta akaigeuza tena alivyoizoea.

"Basi wao walimtundika, Mwalimu. Sisi tumemsimamisha."

Na lori linarudi Jumamosi hii. Orodha ni mpya, na safari hii jina lako limo. Acha kutafuta mwiba. Chukua fimbo, mpitie jirani yako leo kabla jua halijatua, mje uwanjani msimame.