Kumi na Mbili Haizai Ishirini na Nne

Babu yangu ni mwongo. Nasema hivyo kwa mapenzi. Yeye mwenyewe huniita "mke wangu", basi nina haki ya kumsema.

Bibi ni fundi cherehani, na magoti yake yamechoka kukanyaga. Miaka miwili iliyopita alipata mota ya volti ishirini na nne, akampa Babu aifunge. Babu, fundi redio mstaafu aliyenifundisha kazi, aliitazama transfoma pekee iliyokuwapo nyumbani, ya volti kumi na mbili, akatikisa kichwa.

"Hii inatoa umeme wa kwenda na kurudi, na mota inataka wa kwenda tu. Tena kumi na mbili haizai ishirini na nne."

Bibi akaendelea kukanyaga na kujipaka dawa ya misuli.

Nami nilimwamini, mpaka juzi nilipofungua redio ya mteja nikakuta kumi na mbili imezaa. Dayodi mbili za kupitisha umeme upande mmoja tu, kapasita mbili za kuuhifadhi: kapasita moja inadaka umeme ukienda, nyingine inaudaka ukirudi. Ukiziunga kwa kufuatana, volti zao zinajumlishwa, na umeme unatoka wa njia moja. Nikakimbilia droo ya Babu kutafuta vifaa. Mwenyewe alikuwa kibarazani anakoroma.

Nyuma kabisa ya droo kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye leso. Dayodi mbili, kapasita mbili nono, zimeshaungwa tayari. Lehemu ya Babu naijua hata gizani. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

Nilifunga kila kitu, pamoja na mota na ile transfoma, chini ya meza ya Bibi, nikapima, nikatandika jinzi ya mikunjo minne chini ya sindano.

"Gusa hapa, mke mwenzangu."

Cherehani ikanguruma, sindano ikapita kwenye jinzi bila kusita. Bibi akapiga kigelegele. Kibarazani mkoromo ulikatika, na Babu akaja mbio na kiatu kimoja.

"Haa! Nani kafanya maajabu haya?" akauliza, akijitia hamnazo.

"Muulize mume wetu," nikamwambia Bibi, nikampa ile leso.

Bibi aliitambua, alikuwa ameidarizi mwenyewe. Babu akakaa kwenye stuli, akaangalia sakafu.

"Ukichoka kukanyaga, saa kumi unakuja kukaa nami kibarazani," alisema. "Nikaona ukipata mota, hutachoka tena."

Hasira zangu ziliyeyuka palepale, nikamwonea huruma. Za Bibi hazikuyeyuka.

"Miaka miwili, mzee! Magoti yangu haya!" Akanigeukia. "Wewe, kamata upande huo."

Tukabeba cherehani, meza na yote, hadi kibarazani, ubavuni mwa kiti cha Babu. Nikavuta waya. Bibi akamwekea mumewe mapajani sindano ya mkono, uzi, na rundo la mashati thelathini yasiyo na vifungo.

"Si ulitaka kukaa na mimi? Haya, kaa. Na leo sichoki."