Wabebaji wa Isalalwe

Jumanne moja ya Februari 2008 Yonathani alishuka kwenye pikapu pale Hasamba, akiwa na kanga mbili, wembe mpya na kipande cha sabuni. Akamuuliza muuza maharage njia ya kwenda Isalalwe.

"Panda mlima tu," alijibu yule mama. "Utavuka mito miwili. Ukiona gari, umepotea."

Yonathani alikuwa mpakuaji wa malori Tunduma, hajawahi kufika ukweni. Mkewe, Ruti, alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua, kwa kuwa uzazi wa kwanza ni wa nyumbani. Habari zilisema uchungu ulianza Jumapili na mtoto hashuki.

Alipanda kwa muda wa saa nne kwenye utelezi. Kijijini alikuta wazee, watoto na kahawa. Wanaume wenye nguvu walikuwa wote mpakani. Mama mkwe wake, Getruda, alimpokea akiwa amempa mgongo, maana mkwe na mama mkwe hawatazamani. Aliongea na ukuta.

"We ukuta, mwambie mgeni mtoto amekaa vibaya. Wabebaji wanakuja."

"Wabebaji gani, mama, na vijana hawapo?"

"Marehemu."

Walikuja watatu kutoka makaburini, kwenye mibuni, wamevaa nguo walizozikwa nazo. Mbele alikuwa mzee Osea, babu yake Ruti, aliyefariki mwaka 1991.

"Kumbe ndiye mkwe wetu huyu!" alisema. "Haya, leo tutajua kama hayo ni mabega au maandazi."

Walimlaza Ruti kwenye blanketi, wakalifunga kwenye mti mrefu, wakashika kwa kupokezana. Njiani Osea alimweleza Yonathani utaratibu.

"Sisi sote tulikufa tukipelekwa hospitali. Kila mmoja anabeba mpaka pale alipokata roho. Mbele ya hapo hatupajui."

Osea aliishia mto wa kwanza. Alimgusa mjukuu wake paji la uso, akakaa juu ya jiwe. Mto wa pili aliishia Amoni, kijana aliyekufa kwa kuumwa na nyoka. Akabaki Mbonile, yule wa tatu, nyuma na Yonathani mbele, na Getruda akifuata kwa mbali, uso ameugeuzia kando.

Mbonile aliishia kwenye nguzo ya zege iliyowekwa na wapima barabara. Nguzo ilikuwa ya miaka kumi. Barabara haikuwahi kuifuata.

"Niliiona hii," alisema, "nikadhani gari linakuja." Akaweka mti chini taratibu.

Yonathani aligeuka nyuma. "Mama, shika huku. Nakuomba."

Getruda hakusogea. Mkwe na mama mkwe hawashiki mti mmoja. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hata siku hiyo mikono yake ilikataa.

Yonathani alimtoa mkewe kwenye blanketi, akambeba mikononi.

"Umechoka?" Ruti aliuliza.

"Mfuko wa simenti ni mzito kuliko wewe."

"Muongo," alisema Ruti. "Tuko wawili."

Alitembea hatua mia tatu. Mbele ya mashine ya kusaga alisikia miguu ya Ruti ikiwa myepesi. Ni Getruda, alikuwa amekuja mbio na kuishika. Alimtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza. Ruti alikuwa ameshakufa, na mtoto bado yumo tumboni.

Yonathani hakurudi Tunduma. Mwezi wa tano kijijini palitokea mgonjwa mwingine, na Ruti alikuja na wenzake kushika mti, tumbo likiwa mbele. Alifika mbali kuliko wote. Kila mgonjwa akipita, alibaki pale mashineni mpaka wenzake wapumzike huko juu, ndipo awafuate wapande pamoja.

Kwenye mkutano wa kuomba barabara, ofisa aliyetoka mjini aliuliza wabebaji wanafika wapi siku hizi. Akaambiwa, mashine ya kusaga.

"Zamani ilikuwa nguzo," alisema, akaandika. "Hayo ni maendeleo. Tuanze na vijiji ambavyo havina wabebaji."

Yonathani alinyoosha mkono. Aliomba pale mashineni pawekwe hata benchi, kwa sababu mke wake husimama muda mrefu na hajajifungua.

Ofisa alisema benchi litaingia kwenye mpango wa mwaka ujao.