Mwendeshaji wa Injini Isiyo na Masikio

Obadiah Thorne alikuwa fundi wa magari ya farasi pale Troy, Marekani, enzi reli zilipoanza, na kampuni ya reli ilipomwagiza behewa la abiria, alitengeneza alichokijua: gari la farasi, refu kidogo, lenye magurudumu ya chuma. Hata kiti cha mwendeshaji alikiweka, juu mbele.

"Cha nini hicho?" aliuliza mkewe, Keziah. "Si litavutwa na injini?"

"Gari bila kiti cha juu ni jeneza, mke wangu. Nani atapanda?"

Kumbe Jotham, kaka yake Keziah, alikuwa anasikiliza. Huyu alikuwa ameendesha farasi maisha yake yote, na tangu reli ilipotandazwa alikuwa hali wala halali. Siku ya safari ya kwanza akatokea na koti jekundu, kofia ndefu na mjeledi, akapanda kitini, na hatamu zake akazifunga kwenye injini.

Duncan, dereva wa injini, akashangaa. "Mzee, unamwendesha nani?"

"Wewe tia kuni zako, kijana. Usimtishe mnyama."

Wakaondoka. Cheche zikaruka, zikatua kwenye kofia ya Jotham, ikaanza kufuka. Yeye wala hakujua. Macho yake yote yalikuwa kwa ng'ombe mmoja aliyelala relini, anacheua kama yuko kwao.

"Wooo!" akapiga kelele, akavuta hatamu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Duncan naye alikuwa keshamwona ng'ombe, akafunga mvuke. Garimoshi likaburuzika, likasimama. Ng'ombe akalinusa.

"Katuokoa!" mama mmoja akalia dirishani.

"Nimesimamisha mimi!" Duncan akabisha.

"Wewe? Umevuta kamba gani?" mama akamuuliza.

Jotham akavua kofia kuwashukuru. Ilikuwa imebaki ukingo tu, na kipara chake cheusi kama kitako cha chungu. Wakampigia makofi zaidi.

Basi ikawa balaa. Behewa la pili Obadiah alilitengeneza bila kiti cha juu, maana Duncan alimsihi sana. Abiria wakagoma kupanda, wakasimama na mizigo yao mpaka Obadiah alipokimbia nyumbani kuleta kiti cha jikoni, akakigongomea juu ya paa. Jotham akapanda, wakapanda na wao.

Jioni hiyo Jotham alikula maharage kwa dada yake, kanuna.

"Shemeji, mnyama wako mzuri, ila ana kiburi. Mlimani hasikii kabisa."

"Si umchape?"

"Nimemchapa. Kanitemea moshi."

Obadiah akatafuna, akafikiri. "Labda anataka chumvi," akasema.