Kiti cha Babu Nyangumi

Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki, na hayo nayapenda kweli: hakuna neno la uongo humu. Anayebisha na aje anitazame usoni.

Miaka thelathini na moja nilifanya kazi kwenye bwawa la kuogelea la manispaa. Chini yake, kwenye chumba cha pampu. Maji yale niliyajua kama mama anavyomjua mwanawe kwa kikohozi. Nilipostaafu niliendelea kwenda kila asubuhi, nikikaa kwenye benchi na kusimulia jinsi nilivyookoa watu kumi na saba. Wa tisa alikuwa mnene kama tangi. Nilimvuta kwa masharubu. Wa kumi na tatu nilimtoa huku nimeshika kikombe cha chai, na chai haikumwagika. Watoto wakanibandika jina: Babu Nyangumi.

Basi waokoaji wakaanza kuondoka. Mshahara wao ulikuwa wa kununulia sabuni. Hoteli zikawachukua mmoja mmoja. Manispaa ikasema haina fungu la kuajiri wengine, na mwezi huohuo ikapaka ukuta wa nje rangi ya buluu. Sheria ya bwawa nayo haina mchezo: kiti kirefu cha mwokoaji kikiwa kitupu, hakuna anayegusa maji hata kwa kidole. Masomo ya watoto yakafutwa.

Mjukuu wangu wa kike, miaka minane, alikuwa amebakiza masomo matano tu avuke kwenda kwenye kina kirefu. Siku hizo alikuwa anakula chakula na miwani ya kuogelea usoni.

Meneja akanifuata kwenye benchi. "Mzee, si wewe uliyeokoa watu kumi na saba?"

"Hao ni waliorudi kushukuru tu."

"Cheti unacho?"

"Kiliingia maji."

Akacheka, akanipa filimbi. Alijua kutouliza zaidi. Yeye alihitaji mtu wa kukaa kitini, mimi nilihitaji kumsikia mjukuu akiwaambia wenzake, "Yule ni babu yangu."

Jumamosi tatu nilikaa kule juu kama mfalme. Ya nne, mwalimu wao wa kuogelea akiwa amewapa mgongo akimfunga mtoto mmoja boya, mjukuu wangu akajivuta ukingoni mpaka kwenye kina kirefu. Nilimwona vizuri. Alinitazama kwanza, akatabasamu, ndipo akaachia ukingo.

Akazama.

Nikapuliza filimbi. Nikapuliza tena. Makalio yangu yalikuwa yameota mizizi kwenye kile kiti. Mfagiaji, mama aliyekuwa akisugua vigae, ndiye aliyejitupa kifudifudi ukingoni na kumfikishia mpini wa fagio. Mtoto akaushika, akatolewa akitapika maji.

Mfagiaji akainua macho kwangu. "Nyangumi, shuka basi! Au maji ni ya baridi?"

Nikashuka. Mjukuu alikuwa anatetemeka ndani ya taulo.

"Babu, mbona hukuruka? Mimi niliachia kwa sababu wewe upo."

Nilikuwa na majibu matatu tayari: mgongo, kiatu, jua la machoni. Nikayatupa yote.

"Sijui kuogelea, mjukuu wangu. Maji hayajawahi kunipita vifundo vya miguu."

"Na wale kumi na saba?"

"Hakuna hata mmoja."

Meneja alifunga masomo siku ileile. Akawaambia wazazi kwamba amedanganywa, na uso wake haukubadilika. Nikaona kumbe kwenye fani hii ya uongo nina mwenzangu. Lakini hukumu haikutoka kwake. Ilitoka ndani ya lile taulo: "Utawaambia wewe, Babu. Wote."

Ndiyo maana kila Jumamosi nasimama getini. Watoto wanakuja na vifurushi vyao, nami nawaambia: leo hakuna kuogelea, hakuna mwokoaji, na Babu Nyangumi hakumwokoa mtu yeyote, hajui kuogelea. Wanaangua kicheko. "Babu, tuambie ile ya masharubu!" Inabidi nianze upya, polepole, mpaka kicheko kikauke na nyuso zianguke moja moja.

Mjukuu yuko kando yangu, miwani shingoni, hanipi nafasi ya kuongeza chumvi. Ananivuta shati.

"Babu, yule wa kofia nyekundu bado hujamwambia."

Namfuata.