Baba Aliyekataa Kutaja Kipato

Tressa Vandiver alimkuta baba yake, Lyle, amelala chini ya lori uani kwake, mjini Youngstown, Marekani. Walikuwa hawajasemeshana tangu mama yake azikwe, Lyle akaoa upesi, na binti akahamia kwa shangazi.

"Umefuata pesa," Lyle alisema bila kutoka.

"Pesa zako sizitaki. Chuo kinataka kujua kipato chako ndipo kinipime kama nastahili msaada. Jaza sehemu yako, niondoke."

"Mimi sikulishi. Wananihesabu kwa lipi?"

"Sijafika miaka ishirini na minne. Kwa serikali bado ni mtoto wako."

Hapo akajivuta nje, akajifuta grisi kwa tambara. "Rudi nyumbani, umheshimu mke wangu, nitajaza. Hutaki, kasugue vyombo vya watu."

Tressa akaondoka zake.

Chuoni, Bi Okerlund wa ofisi ya misaada alimsikiliza hadi mwisho. "Alikupiga? Alikufukuza?"

"Hapana. Ananichukia tu."

"Chuki haimo kwenye sheria, binti. Mzazi akigoma, anayeumia ni wewe. Wanaopimwa bila kipato cha wazazi ni kama waliofiwa na wote wawili, askari, wenye watoto wao, walio kwenye ndoa."

Dorsey, fundi wa matairi, alikuwa ameshamposa Tressa, na Tressa akamwambia asubiri. Sasa Tressa akamfuata karakanani.

"Bado unanitaka?"

"Unanitaka mimi, au unakitaka chuo?"

Tressa hakumdanganya. "Leo ni chuo."

Dorsey aliipiga ringi teke, ikabingirika hadi ukutani. Halafu akasema, "Kachukue kitambulisho." Wakafunga ndoa mahakamani, bila maua, bila picha.

Lyle alipopata habari alikuja mlangoni kwa shangazi. "Umeolewa kunikomoa."

"Nimeolewa nisikuombe tena."

"Ungebembeleza kidogo, ningejaza."

"Ndiyo maana."

Lyle akatema mate ngazini, akaenda zake.

Msaada ukapita, safari hii wakipima mshahara mdogo wa Dorsey. Tressa alianza masomo ya uuguzi. Nyumbani, mumewe alimnunia karibu muhula mzima. Walikula meza moja kama abiria wasiojuana. Tressa hakumlaumu. Lawama zake zote alikuwa amezielekeza kwa baba yake, na hakuwa na haja ya kuzipunguza.