Nilipopiga Hodi Kwenye Goti Langu

Usiku wa jana niliota kifuniko cha birika kinagonga, tik, tik, tik, kabla ya adhana ya alfajiri. Nikaenda jikoni. Birika lilikuwa limevaa suruali ya mazoezi.

"Mama Mwantumu, twende," likasema. "Leo Mwalimu Sijali anachagua watu wa darasa la pili."

Hilo nalijua. Nina miaka hamsini na minne, wajukuu watatu, na miezi minane ya yoga na ngoma katika ukumbi wa shule. Darasa la pili wanacheza kwa kushuka mpaka chini na kuinuka bila kushika kitu. Nalitaka sana darasa hilo. Goti langu la kushoto ndilo sijui linataka nini.

Nafungua mlango wa jiko, naingia ukumbini. Mkeka wa mlangoni unasema, "Viatu nje. Na miaka pia."

Naivua miaka yangu, naipanga ukutani. Mmoja una tope, ule niliofiwa na mume wangu. Bi Kiyao, jirani yangu wa darasani, anaufuta kwa pindo la kanga yake.

Mwalimu Sijali anapiga makofi. "Kupanda darasa ni kwa ruhusa ya mwili. Kila mtu aende akaombe."

Wengine wanaenda kwa mabega, wengine kwa viuno. Mimi nainamia goti. Lina mlango mdogo wa mbao. Nausukuma.

"Ala!" linasema goti. "Kwa watu hupigi hodi?"

Naona aibu. Mimi, niliyewafundisha wanangu hodi hata meno hawajaota! Natoka, nasimama kizingitini.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, mwenye goti."

"Mwenye goti hafiki huku. Hutuma dawa ya kuchua tu, tena kwa mkono wa haraka."

"Ni mimi kweli. Hodi tena."

"Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kukusalimu. Na pole, mwenzangu. Kwa sakafu zote tulizopiga deki, kwa ndoo, kwa wajukuu uliowabeba."

Komeo linafunguka.

"Hiyo pole nimeingoja tangu mtoto wako wa kwanza. Karibu ndani."

Naingia, nakaa ndani ya goti langu. Ni chumba safi. Linanimiminia kahawa, linanipa kashata.

"Haya, sema shida yako."

"Nataka darasa la pili."

"Kushuka si kazi. Kuinuka je? Wewe hunivuta kama ng'ombe wa mnadani."

"Nitakuuliza kwanza."

"Tutaona."

Ngoma inalia. Tunashuka. Tunapita sakafu, tunapita mizizi ya mihogo, tunafika kwenye maji ya kisima, baridi.

"Tuinuke, mwenzangu?"

"Tuinuke."

Tunapanda taratibu kama andazi kwenye mafuta, mpaka darini. Mwalimu Sijali yuko huko na chaki, anaandika jina langu. "La pili," anasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Nikachuchumaa kutafuta kandambili chini ya kitanda, nikainuka bila kushika kitu. Ndipo nilipoona chembe za kashata zimenata gotini. Nyumbani kwetu hatuna kashata tangu Idi.

Nikazipangusa kwa kidole kimoja.

"Taratibu," likasema goti. "Na kesho upite tena, hata kama huna shida."