Namba ya Bwana Koki

Jina la Bwana Koki marehemu alilipata kwa haki. Miaka sita alishinda kwenye uwanja wa soko la zamani na mashine yake ya kutafutia vyuma ardhini, akimwambia kila aliyeuliza kwamba anatafuta sarafu walizodondosha wachuuzi, na kwa miaka yote hiyo hakurudi na sarafu hata ya kupigia bahati nasibu. Alirudi na koki mbovu, vichwa vya mabomba, vipande vya kufuli. Watu walimcheka, naye akacheka nao. "Vipi leo, umeshatajirika?" "Bado, ila mwenye bomba linalovuja aje kwangu."

Aliyekuwa hacheki ni mkewe, fundi cherehani. Uwanja ule kwake haukuwa mahali pa mzaha. Mchana mmoja wa mvua kilima cha nyuma kiliporomoka na kufunika upande wa chini wa soko, na binti yao wa miaka saba alikuwemo, ametumwa na mama yake. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki. Watu walichimba siku nne, wengine wakapatikana, yeye hakupatikana. Siku ya tano tingatinga likaja, likasukuma udongo huku na huko, likasawazisha, na kazi ikaishia hapo. Mwezi uliofuata baba mtu akanunua mashine.

Anaokota senti juu ya mwanangu. Hivyo ndivyo mama alivyoamini, na alivyoamini hakusema. Katika nyumba ile Chiriku hakutajwa tena. Mume na mke walizungumza habari za chumvi, za dari inayovuja, za jirani na redio yake, kisha kila mmoja akageukia ukuta wake. Si kwamba hawakupendana. Walikuwa wakiogopana, na watu wawili wanaoogopana wanaweza kula sahani moja miaka na mikaka bila kuambiana neno.

Sasa mwenyewe alikuwa amekufa, miezi miwili iliyopita, ameanguka huko huko uwanjani na hedifoni masikioni. Waliomleta walileta na mashine. Mke aliisimamisha nyuma ya mlango wa chumba, akaifunika kanga, lakini kitu kirefu kilichofunikwa kanga nyuma ya mlango kinafanana na mtu, na kila alipoamka alimwona amesimama pale. Mwishowe alichoka. Alitaka kujua jambo moja tu, na asipolijua alihisi hatapumzika: kama kweli aliishi miaka sita na mtu aliyemsahau mtoto wake kwa ajili ya senti. Kama sarafu zipo kule, basi alizipata akazificha, na yeye atamchukia kwa raha zake. Akavaa mabuti ya marehemu, yakampwaya, akaenda.

Kuiwasha aliweza. Kuitumia kulimshinda. Aliizungusha huku na huku kama mtu anayefagia uani, mkono ukamuuma, na mashine ikabaki bubu. Hedifoni zilinuka nywele za mumewe. Ndani yake mlikuwa na mvumo mdogo usiokoma, kama mtu aliyevuta pumzi ili aseme kitu halafu akaghairi. Mara mbili alizivua akageuka nyuma. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mashimo yaliyofukiwa tu, mamia, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka kuliko mshono wake mwenyewe, na hilo lilimshangaza, maana mtu huyu nyumbani alikuwa hawezi hata kutandika shuka likalala sawa.

Akaona aijaribu mashine yenyewe. Akatoa sarafu kwenye pochi, akaiweka kwenye nyasi, akapitisha sahani ya mashine juu yake. Kimya. Akapitisha tena, karibu kabisa. Kimya kile kile. Akaweka sarafu tatu, nne, za kila aina aliyokuwa nayo, na mashine ikapita juu yake kama tajiri anayepita ombaomba. Mashine ya kutafuta sarafu ilikuwa haisikii sarafu.

Akaipeleka kwa fundi redio, ambaye marehemu alikuwa akienda kwake kuchaji betri.

"Imekufa, shemeji yangu," alisema mama. "Imemfuata mwenyewe."

Fundi redio aliigeuza, akaiwasha, akabonyeza vitufe huku amekunja uso. "Haijafa. Kwanza nikufundishe kuishika, maana naona umeifanya ufagio. Isogeze taratibu, karibu iguse chini, kama unavyopiga pasi hariri. Halafu, kila chuma kina namba yake humu. Msumari namba yake ndogo, sarafu namba zake ziko juu. Unaweza kuiambia hii sikia, hii usisikie." Akaangalia tena kioo. "Sasa huyu bwana... mbona kazizima zote?"

"Zote nini?"

"Sarafu zote kazizima. Misumari na mabati nayo kazima, hilo sawa, kila mtu anazima takataka. Lakini sarafu? Kabakisha namba moja tu. Sitini na mbili."

"Ni nini hiyo?"

"Kitu kidogo cha shaba. Koki, labda." Akacheka, kisha akaona uso wa mama, akaacha. "Shemeji, mtu anayetafuta sarafu haweki hivi. Huyu alikuwa anatafuta kitu kimoja, na alikijua."

Alirudi nyumbani bila kuizima. Chumba cha kazi kilikuwa kama alivyokiacha: cherehani, meza ya kukatia, gauni la mteja lililoning'inia bila mikono. Alipopita karibu na meza, mashine ililia. Sauti moja, safi, kama ya kijiko kikigonga glasi. Alisimama. Akairudisha nyuma, ikanyamaza. Akaipeleka kwenye mtoto wa meza, ikalia tena.

Ndani mlikuwa na mkasi, sindano, zipu, na kopo la vifungo. Alianza kuvipitisha kimoja kimoja mbele ya mashine. Mkasi, kimya. Zipu, kimya. Akamwaga kopo mezani, akachambua vifungo kwa vidole kama achambuavyo mchele: vya plastiki, vya mbao, vya bati. Vilibaki viwili vya shaba, vyenye ua dogo katikati. Akakiweka kimoja mbele ya sahani ya mashine. Kiooni ikatokea sitini na mbili.

Alivijua. Vifungo vile alimshonea Chiriku kwenye gauni la kijani, sita mgongoni.

Akakaa chini sakafuni, ndipo likamjia lile alilolizika yeye mwenyewe. Wiki ile mashine ilipoingia nyumbani, mumewe alisimama mlangoni pa chumba hiki na kumuuliza kwa sauti ndogo, "Mama Chiriku, vile vifungo vya gauni la kijani, vilibaki vingine?" Yeye hakuinua uso. Alijibu, "Viko koponi," akakanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie la pili. Mume akachukua kimoja, akakirudisha kesho yake, na hakuuliza tena. Kumbe alikwenda kuifundisha mashine namba yake. Hakumsahau. Miaka sita alikuwa akimtafuta mwanawe kifungo kwa kifungo, akajiita mtafuta sarafu na kukubali kuchekwa, ili mkewe asilazimike kuzungumza.

Angelia kwa furaha, na kwa dakika moja alilia hivyo. Kisha likaja la pili, lile ambalo siku ile yeye mwenyewe alilizamisha kwa kelele za cherehani, na kilio kikakatika.

Chiriku siku ile hakuwa na vifungo.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mteja mmoja mkorofi alitaka koti lake limalizike asubuhi, na vifungo vya shaba vilivyobaki koponi vilikuwa viwili tu, koti likitaka sita. Mama akavifumua sita vya gauni la mtoto, akavishona kwenye koti. Mtoto alipoamka na kulia kwamba gauni lake liko wazi mgongoni, mama alilibana kwa pini kubwa ile ya kufungia nepi, akamwambia, "Nenda sokoni ukachague vingine wewe mwenyewe, vyovyote unavyopenda." Chiriku akaondoka akirukaruka, akihesabu rangi kwa sauti.

Hakumwambia mtu. Hata baba mtu hakumwambia. Aliona akisema kwamba ni yeye aliyemtuma kwa ajili ya vifungo, vifungo alivyomvua mtoto kumpa mteja, mumewe hatamtazama tena. Kwa hiyo alinyamaza, na mtu wa watu akazunguka uwanja ule kwa jua na kwa mvua akitafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwemo, huku pini ya chuma, kama ilikuwepo, akiipita kila siku, kwa sababu chuma alikuwa amekizima pamoja na takataka. Sentensi moja ingetosha. Alikuwa nayo mdomoni miaka sita, akala nayo, akalala nayo ubavuni mwake.

Asubuhi alipita tena kwa fundi redio.

"Niwashie chuma," alisema.

"Shemeji, uwanja ule ulikuwa soko zima. Misumari ya vibanda, waya, mabati. Ukiwasha chuma utaziba masikio. Na hii haishuki chini zaidi ya shibiri."

"Niwashie, baba. Hizo nyingine zima."

Uwanjani alikwenda hadi kwenye kona ya mstari wa kwanza, shimo la kwanza kabisa la mumewe, ambalo majani yalikuwa yamelimea. Alisimama pale katika mabuti yake yanayopwaya. Hakuona haya, hakukuwa na mtu wa kumwonea haya, na aliyemtaka asikie alijua yuko karibu, alimsikia akipumua katika hedifoni.

"Baba Chiriku," alisema. Jina hilo hakuwa amelitamka tangu mvua ile. "Hakuwa na vifungo. Nilivifumua mimi. Alikuwa na pini, mgongoni hapa. Pini tu."

Akashusha sahani, taratibu, kama anapiga pasi hariri. Ardhi yote ilipiga kelele. Kushoto, kulia, mbele, chini ya miguu yake, kila mahali palilia, na hapakuwa na namna ya kujua sauti ipi ni msumari na ipi ni mwanawe. Zilikuwa nyingi kuliko miaka iliyombakia. Alipiga magoti, akaanza kuchimba iliyokuwa karibu.